Kupima Unyoofu wa Miguu ya Mtu Mzima kwa Eksirei ya Mionzi Kidogo: Mwongozo Kamili

Mgonjwa mwenye matege anapotumwa chumba cha eksirei, mara nyingi fomu yake imeandikwa "goti, mbele na ubavuni", basi. Picha inatoka safi, goti linaonekana limelika upande wa ndani, na daktari anabaki na swali lake lilelile: mguu umepinda kiasi gani, na umepindia wapi? Picha ya goti peke yake haiwezi kumjibu. Anachohitaji ni picha moja ndefu, kuanzia nyonga hadi kifundo cha mguu, mgonjwa akiwa amesimama.

Huu ni mwongozo wa kupiga picha hiyo na kuipima, kwa mionzi kidogo kadiri inavyowezekana. Nimewaandikia kwanza wenzangu wa chumba cha eksirei na madaktari vijana wa mifupa, lakini mgonjwa akiusoma naye atajua cha kuuliza.

Kabla ya yote, tukubaliane kwamba picha hii ni ya kupimia. Hatutafuti ufa mwembamba wala uvimbe ndani ya mfupa. Tunataka kuona kichwa cha mfupa wa paja, katikati ya goti na katikati ya kifundo, pamoja na kingo za mifupa pale gotini. Picha yenye chenga kidogo inapimika sawasawa na ile inayong'aa, ila ile yenye chenga imemgharimu mgonjwa mionzi michache zaidi. Na mionzi inayopotea bure kuliko yote ni ya picha iliyorudiwa kwa sababu mgonjwa hakusimamishwa vizuri. Ndiyo maana sehemu ya kumsimamisha mgonjwa nimeirefusha kuliko nyingine.

Nani anahitaji picha hii

Wa kwanza ni mtu anayeandaliwa kubadilishiwa goti, au kukatwa na kunyooshwa mfupa ili uzito uhamie upande wa goti ambao bado ni mzima. Wa pili ni aliyevunjika mguu na mfupa ukaunga vibaya. Tangu bodaboda zijae barabarani, hawa hawakauki kliniki. Wa tatu ni yule ambaye mguu mmoja umekuwa mfupi.

Kuna kundi jingine ambalo wenzetu wa Arusha wanalijua vizuri. Maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi kupita kiwango cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto aliyekulia maji hayo huota meno ya kahawia, na wengine mifupa hupinda. Anafika utu uzima na miguu iliyopinda sehemu zaidi ya moja, pengine paja na muundi kwa pamoja. Mguu wa namna hiyo ukiupima kwa picha ya goti tu, utakosea.

Asiyehitaji ni yule ambaye jibu halitabadilisha matibabu yake. Mzee mwenye maumivu ya wastani anayekwenda kupewa mazoezi na dawa hana haja ya picha ndefu leo. Picha isiyohitajika haiwi ya mionzi kidogo kwa ufundi wowote ule; isipigwe.

Mionzi inakwenda wapi mwilini

Miguu ya mtu mzima ina bahati. Uboho mwekundu unaotengeneza damu, ambao ni mwepesi kudhurika, kwa mtu mzima umebaki zaidi kwenye kiwiliwili, fupanyonga na ncha za juu za mapaja. Gotini na kwenye kifundo kuna mfupa, misuli na ngozi, vitu vinavyostahimili. Katika mizani ya mwaka 2007 ya Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi, uboho na utumbo mpana kila kimoja kimepewa uzito wa 0.12, viungo vya uzazi 0.08, na ngozi 0.01 tu.

Maana yake kazini ni moja: sehemu kubwa ya hatari ya picha nzima imo kwenye ile theluthi ya juu, penye nyonga. Ukipunguza mionzi ya kifundo kwa nusu huku nyonga ukiiacha wazi hadi kitovuni, hujafanya kitu. Anza na nyonga.

Wagonjwa huuliza kiwango cha mwisho ni kipi. Kwa mgonjwa hakuna kikomo kilichowekwa kisheria kama kilivyowekwa kwa mfanyakazi wa mionzi. Kuna masharti mawili: picha iwe na sababu, na mionzi iwe ya kutosha kujibu swali bila kuzidi. Kwa kulinganisha, binadamu kwa wastani hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula, bila kukanyaga hospitali.

Mashine ipi

Mashine iliyobuniwa hasa kwa kazi hii ni EOS, ya Kifaransa. Chimbuko lake ni kazi ya Georges Charpak, mwanafizikia aliyetengeneza mwaka 1968 huko CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, chombo cha nyaya nyingi cha kunasa chembe za mionzi, akapata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1992. Mgonjwa anasimama ndani ya kibanda, na miale miwili myembamba kama utepe inamshukia kwa pamoja, mmoja wa mbele na mmoja wa ubavuni. Kwa kuwa mwale ni mwembamba, mionzi inayotawanyika ni kidogo, na kwa kuwa unasafiri pamoja na kinasa picha, urefu wa mfupa hautanuki kwenye picha. Picha mbili zinazotoka kwa wakati mmoja zinaiwezesha programu kujenga mguu kwa umbo la pande tatu. Udhaifu wake ni kwamba mgonjwa lazima atulie sekunde kadhaa mfululizo. Akitikisika, mfupa unatoka na mawimbi. Tena mashine ni ghali, na hospitali nyingi hazina.

Njia ya pili, ambayo ndiyo ya wengi wetu, ni eksirei ya kawaida ya kidijitali: picha mbili au tatu zinazofuatana kutoka juu kwenda chini, kisha kompyuta inaziunganisha. Mwongozo uliobaki unaihusu hiyo.

CT skani hupima vizuri kujipinda kwa mfupa kwenye mhimili wake wenyewe, yaani paja lililozungukia ndani au nje. Lakini mgonjwa amelala, goti halijabeba uzito, na jinsi goti lililolegea linavyofunguka haionekani. Isiombwe badala ya picha ya kusimama.

Kuandaa chumba

Sogeza tyubu inayotoa mionzi mbali na ukuta wenye kinasa picha kadiri chumba kinavyoruhusu. Mita 3 ndiyo desturi. Mfupa ulio sentimita 15 mbele ya kinasa picha hutanuka takriban asilimia 5 kwa umbali huo. Kwa mita 1.8 hutanuka takriban asilimia 9. Ukisogea mbali, namba ya miliampia-sekunde, yaani kiasi cha mionzi inayotolewa na tyubu, itapanda, kwa hesabu karibu mara 2.8 kutoka mita 1.8 hadi 3. Wengi hushtuka hapo wakidhani mgonjwa anaumia zaidi. Sivyo. Kinasa picha kinahitaji mionzi ileile, na ngozi ya mgonjwa ikiwa mbali zaidi na tyubu inapata kidogo kuliko mwanzo.

Weka rula ya risasi wima pembeni ya mguu, ionekane kwenye vipande vyote vya picha. Kama urefu utapimwa, bandika pia kipira cha chuma cha milimita 25 pembeni ya goti, kwenye kina cha mfupa. Ukikibandika juu ya ngozi mbele ya goti, kitatanuka kuliko mfupa na hesabu ya urefu itaharibika. Pembe haziathiriwi na kutanuka, urefu unaathiriwa.

Ngazi fupi ya kusimamia iwe na kishikio pande zote mbili. Iwe imara kweli, maana mtu wa miaka 70 mwenye magoti mabovu akihisi ubao unacheza hatakupa uzito wake wote.

Mwulize kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa kuhusu ujauzito, faraghani, si mbele ya foleni.

Kumsimamisha mgonjwa

Viatu na soksi nzito vivuliwe. Suruali yenye zipu na vifungo vya chuma, shanga za kiunoni, simu mfukoni, vyote vitoke. Usione haya kuuliza kuhusu shanga. Uliza kwa heshima, na mwenzako wa kike akiwepo aulize yeye.

Mgonjwa asimame mgongo ukiwa karibu na kinasa picha, miguu imeachana kiasi cha upana wa mabega. Sasa ndilo jambo lenye kuharibu picha kuliko mengine yote: usielekeze vidole vya miguu mbele. Elekeza pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti. Mtu ambaye muundi wake umejizungusha atasimama vidole vikitazama nje huku magoti yakitazama mbele, na hivyo ndivyo unavyotaka. Ukimlazimisha anyooshe vidole, umelizungusha goti. Piga magoti mbele yake, shika pia ya goti kwa kidole gumba na cha shahada, isukume kidogo kushoto na kulia mpaka uhisi ipo katikati ya mfupa wa paja, kisha zungusha mguu mzima hadi hiyo pia ikutazame wewe. Fanya kwa mguu mmoja, halafu wa pili. Kama pia imehama mahali pake, tumia vifundo viwili vya mfupa wa paja pembeni mwa goti. Viwe sawa kwa umbali kutoka ukutani.

Kinachofuata ni kunyoosha goti. Mwambie, "Mama, sukuma goti nyuma kama unataka kugusa ukuta." Goti lililokunjika na papo hapo likazungukia nje litaonekana lina matege ambayo hayapo, au matege yaliyopo yataongezeka. Likizungukia ndani, litaonekana kama magoti yanayogongana. Kama goti limekakamaa na halinyooki, usilipiganie. Piga hivyohivyo, pia ikitazama mbele, na andika kwenye picha kwamba goti limekunjika kwa nyuzi kadhaa, ili anayepima asidanganyike.

Halafu uzito. Mtu mwenye goti bovu la kulia huegemea kushoto bila kujua. Tazama kiuno: upande mmoja umeshuka? Tazama mikono: ameng'ang'ania kishikio hadi vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe? Hapo uzito uko mikononi. Mwambie ashike kwa vidole viwili tu, apumue, agawe uzito miguuni sawasawa. Nimeona mama mmoja ambaye goti lake lilikuwa linafunguka upande wa nje mara tu alipoachia kishikio, mfupa wa paja ukisogea mbele ya macho yetu. Picha ya kwanza angepigwa akiwa amening'inia, ule mlegeo wote usingeonekana.

Mguu mmoja ukiwa mfupi, weka vibao chini yake hadi kiuno kilale sawa, na andika unene wa vibao. Asiyeweza kabisa kusimama apigwe akiwa amelala, na picha iandikwe wazi kwamba haina uzito.

Kupunguza eneo na kuchagua mionzi

Ncha ya juu ya ule mfupa unaotokeza ubavuni mwa nyonga iko usawa wa katikati ya kichwa cha mfupa wa paja. Uitafute kwa kiganja. Mpaka wa juu wa mwanga wa kolimeta, kifaa kinachobana upana wa mwale, uwe sentimita chache tu juu yake. Hakuna kinachopimwa kwenye utumbo. Mpaka wa chini upite chini ya kifundo. Kama urefu wa miguu unalinganishwa, ufike kwenye nyayo.

Usipige vipande vyote vitatu kwa mionzi ileile. Nyonga ya mtu mzima inahitaji takriban kilovolti 75 hadi 85, na kwa mtu mnene gridi, kichujio cha mionzi iliyotawanyika, iwepo. Goti na kifundo vinahitaji kidogo sana kuliko hapo, na gridi inaweza kutolewa kama mashine inaruhusu. Programu nyingine za kuunganisha huja zimepangwa namba moja kwa vipande vyote. Mwombe fundi azitenganishe. Ongeza filta ya shaba ya milimita 0.1 au 0.2 ikiwa ipo. Inazuia ile mionzi dhaifu ambayo ingeishia ngozini bila kufika kwenye kinasa picha.

Aproni ndogo ya risasi juu ya viungo vya uzazi, tuliyofundishwa wengi wetu chuoni, imepitwa na wakati. Mwaka 2019 Chama cha Wanafizikia wa Tiba cha Marekani kilishauri matumizi yake ya kila siku yaachwe. Kwenye picha hii inaweza kufunika kichwa cha mfupa wa paja, ikakulazimisha urudie. Na ikiangukia mbele ya vihisio vya mashine, mashine inadhani mgonjwa ni mnene na kuongeza mionzi. Mgonjwa akiiomba, mweleze kwa utulivu kwamba kufunga vizuri mwanga wa kolimeta kunamlinda zaidi.

Baada ya kupiga, soma kwenye skrini namba ya DI, inayoonyesha mionzi ya picha imepotoka kiasi gani kutoka kwenye lengo. Sifuri ni lengo ulilojiwekea, +3 ni mionzi maradufu ya lengo, -3 ni nusu yake. Kwenye kidijitali picha iliyopigwa kwa mionzi mingi huonekana nzuri tu, kwa hiyo bila kuitazama namba hiyo hutajua kamwe kwamba umezidisha. Ikiwa idara yako haijawahi kuweka lengo maalumu kwa picha ya kupimia, na nyingi hazijaweka, shusha miliampia-sekunde kwa robo kwa wagonjwa wanaokuja na sababu halali, wape picha wanaopima, waulize kama kingo bado wanaziona. Wakikubali, shusha tena. Utasimama pale mzunguko wa kichwa cha mfupa wa paja kwa mtu mnene unapoanza kubahatishwa. Usimpige mgonjwa yeyote picha ya ziada kwa ajili ya majaribio hayo.

Kukagua kabla mgonjwa hajashuka

Pia ya goti iwe katikati ya mfupa wa paja. Kichwa cha ule mfupa mwembamba wa pembeni mwa muundi kiwe kimefunikwa takriban theluthi moja na muundi. Kikionekana chote au kikifichika chote, mguu umezunguka. Vichwa vyote viwili vya nyonga na vifundo vyote viwili vionekane.

Kisha kagua viungio vya picha. Fuata ukingo wa mfupa kwa jicho kutoka kipande kimoja hadi kingine: usiwe na ngazi. Mistari ya rula iendelee bila namba kurukwa wala kurudiwa. Ukiona ngazi kwenye mfupa lakini rula imenyooka, mgonjwa alisogea kati ya mpigo mmoja na mwingine, na hapo huna budi kurudia. Ngazi ikiwa kwenye vyote viwili, kosa ni la kompyuta. Unganisha upya kwa mkono, bila kupiga tena.

Kupima

Chora duara linalolingana na kichwa cha mfupa wa paja. Kiini chake ni nukta ya nyonga. Nukta ya goti ipo katikati, kati ya vijiti viwili vidogo vinavyochomoza juu ya muundi. Nukta ya kifundo ipo katikati ya uso wa juu wa mfupa unaokaliwa na muundi pale chini.

Unganisha nyonga na kifundo kwa mstari mmoja. Huo ndio mhimili wa uzito. Kwa mtu mwenye miguu ya kawaida hupita karibu na katikati ya goti, kwa wastani takriban milimita 8 upande wa ndani. Ukipita mbali zaidi ndani, ni matege. Ukipita nje, ni magoti yanayogongana.

Kisha pima pembe kati ya mstari wa nyonga hadi goti na mstari wa goti hadi kifundo. Nyuzi 180 ni mguu ulionyooka. Watu wazima wengi wasio na tatizo wana matege ya nyuzi 1 hivi.

Hapo umejua kiasi. Sasa tafuta mahali. Pima pembe ya upande wa nje kati ya mhimili wa paja, yaani ule mstari wa nyonga hadi goti, na mstari unaogusa ncha ya chini ya paja gotini: kawaida ni 85 hadi 90. Pima pembe ya upande wa ndani kati ya mhimili wa muundi na mstari unaogusa ncha ya juu ya muundi: nayo kawaida ni 85 hadi 90. Mwisho, pima pembe kati ya mistari hiyo miwili ya goti, isizidi 2.

Chukua mfano wa mguu wenye matege: paja 88, muundi 80, na goti limefunguka upande wa nje kwa nyuzi 3. Paja ni zima. Muundi ndio uliopinda. Toa 80 kwenye 88, unabaki na 8. Jumlisha 3, unapata nyuzi 11 za matege. Pembe kubwa uliyoipima mwanzo inapaswa kuwa karibu na 169. Ikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1 au 2, kuna nukta umeiweka vibaya, mara nyingi ya goti. Hesabu hii inachukua nusu dakika na imeokoa mipango mingi ya upasuaji, kwa sababu zile nyuzi 3 za mlegeo hazitakiwi kukatwa kwenye mfupa. Daktari akizikata, mguu utapindukia upande wa pili goti likishakaa sawa.

Mgonjwa akirudi baada ya upasuaji, apimwe kwa nukta zilezile na, ikiwezekana, na mtu yuleyule.

Kuandika na kutuma

Ripoti itaje upande, kama mgonjwa alibeba uzito, vibao vilivyotumika, kunyooka kwa goti, pembe zote nne, na mionzi iliyosomwa na mashine. Hiyo ya mwisho wengi huiacha, ilhali ndiyo pekee itakayowaonyesha mwakani kama kweli mmeshusha.

Kituo kiwe na leseni hai: Tanzania hutolewa na Tume ya Nguvu za Atomiki, na Kenya na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Mgonjwa anaweza kuomba kuiona.

Mpe mgonjwa faili halisi kwenye diski au flashi. Picha iliyopigwa kwa simu kutoka kwenye skrini na kutumwa WhatsApp inatosha kuomba ushauri wa haraka, lakini simu ikiinama kidogo tu, pembe zinabadilika. Mgonjwa wa Mtwara atakayepanda basi kwenda kufanyiwa upasuaji Dar es Salaam akiwa na faili lenyewe hatalazimika kupigwa upya akifika.